Nilivyopima spika za tamasha kwa droni: adui si kelele ya pangaboi

Ukitaja kupima spika za jukwaa kwa droni, yaani kuning'iniza maiki hewani na kunasa sauti yao, ushauri wa kwanza huwa ule ule: tafuta droni isiyo na kelele. Ni kupoteza fedha bure. Kelele inadhibitika kwa kamba na hesabu kidogo. Kinachoharibu vipimo ni maiki kutotulia hewani.

Pangaboi lenye mapanga mawili likizunguka mara 6,000 kwa dakika hutoa mvumo wa 200 Hz, na juu yake 400, 600 na kuendelea. Nilining'iniza kinasa sauti chepesi na maiki yake mita 8 chini ya droni. Kutoka mita 1 hadi 8 kelele hushuka kama desibeli 18, na upepo wa mapangaboi unakuwa umepoa. Sponji nene inamaliza uliobaki. Tumia kamba mbili, kutoka miguu miwili ya droni hadi kwenye ncha za kijiti cha sentimita 30. Kamba moja hujisokota. Zima pia vihisi vya chini, la sivyo droni hukiona kinasa ikadhani ni ardhi, ikagoma kushuka.

Kamba ya mita 8 hubembea kwenda na kurudi kwa karibu sekunde 6. Kwa hiyo narusha polepole, kama mita 1 kwa sekunde, na nikifika mahali pa kupimia nasubiri mibembeo mitano ndipo nipige sauti.

Wapo wanaosema rudia kipimo mara kumi uchukue wastani. Ardhini sawa. Hewani, vipimo viwili vikipishana sentimita 10, mawimbi ya 1.7 kHz yanakutana kilele kwa bonde na kufutana, na wastani unaonyesha shimo, yaani upungufu wa sauti, ambalo spika haina. Fundi akilijaza kwenye ikwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha sehemu za sauti), watakaoumia masikio ni wasikilizaji. Besi haiguswi, maana wimbi la 100 Hz lina urefu wa mita 3.4.

Badala yake nilipiga mlio mmoja unaopanda kutoka 20 Hz hadi 20 kHz kwa sekunde 20. Programu ikishauchakata, nguvu ya spika inakusanyika kwenye ncha moja kali ya grafu, na kelele ya pangaboi inabaki imetapakaa kote. Kata kipande kifupi kuzunguka ncha, tupa mengine. Kila ukirefusha mlio mara mbili unapata desibeli 3 za ziada.

Uhondo uko kwenye kupima ucheleweshaji, yaani tofauti ya muda wa sauti kufika, kati ya spika kuu za jukwaani na spika za mnara wa nyuma ya uwanja. Utaambiwa haiwezekani bila redio ya kuunganisha saa za kinasa na miksa (mtambo unaopeleka sauti kwenye spika). Inawezekana, na naona fahari kulisema. Tengeneza faili moja: mlio kwenye spika kuu, sekunde 2.5 baadaye mlio huohuo kwenye mnara, 2.5 nyingine kwenye spika kuu tena, bila kusubiri uliotangulia uishe. Shusha kila mlio desibeli 6 kwa sababu inapandana. Zitatoka ncha tatu zilizoachana, na tofauti zote za muda zimo ndani ya rekodi moja, kwa saa moja ya kinasa. Ncha ya kwanza na ya tatu lazima ziachane sekunde 5. Zikikosea zaidi ya milisekunde 0.3, maiki imesogea kama sentimita 10 kwenye mstari wa spika, tupa, rudia. Usichague pengo la sekunde 2 kamili: kwa mlio wa urefu huu, mkwaruzo wa spika wa daraja la pili (sauti ya ziada yenye Hz maradufu ambayo spika huiongeza yenyewe) hujitokeza sekunde 2 kabla ya ncha yake, na ungeangukia juu ya ncha iliyotangulia.

Rusha kabla watu hawajaingia uwanjani, na andika halijoto kando ya kila kipimo. Kwa umbali wa mita 100, sauti hufika karibu milisekunde 5 mapema zaidi hewa ikiwa nyuzi 30 kuliko ikiwa 20, kwa hiyo ucheleweshaji uliopangwa mchana usahihishwe usiku kabla ya onyesho.