Nusu ya Salamu

Juzi usiku simu iliita kutoka Jammu, kaskazini mwa India. Alikuwa mwenzangu wa chumba wa enzi za chuo, ila uso uliojaa kwenye kioo ulikuwa wa mwanawe mdogo. Mtoto akaunganisha viganja, akasema, "Pairi pauna!"

Mimi kimya. Nikamkodolea macho mpaka baba yake akadhani mtandao umekatika.

Januari 2011 alinichukua kwao kwa Lohri, sikukuu yao ya kuwasha moto wakati wa baridi. Ndani ya treni kutoka Punjab alinifundisha Kidogri, lugha ya kwao, akinionya nisithubutu kukiita Kipunjabi. Lugha yao imo kwenye orodha ya lugha za Katiba ya India tangu 2003, na alilitaja hilo kama mtu anayetaja shahada ya kaka yake. Ke haal ai, habari gani. Tus kiyan o, hali yako, kwa unayemheshimu. Theek aan, mzima. Neno la nyumba wanaliandika ghar, lakini mdomoni mwao mwanzo wake unakaribia k, kisha sauti inazama na kuibuka. Nililijaribu mara kumi. Abiria wa mbele yetu akaficha uso kwenye gazeti.

"Kwa bibi usijisumbue na hayo yote," akasema. "Mwambie pairi pauna. Naanguka miguuni pako."

Nikamwambia hiyo hata kwetu ipo, wazee wanasema shikamoo asili yake ni kushika miguu. Hakuniamini.

Bibi alikuwa uani, juu ya kitanda cha kamba, anaota jua huku akimenya karanga. Maganda yalijaa mapajani juu ya shali. Aliponiona hakusema kitu. Aliweka karanga chini, akakung'uta vidole, akasubiri. Nikafungua kinywa, na masomo yote ya treni yakaruka. Kilichotoka ni "Shikamoo, bibi."

Hapo ndipo nilipogundua tofauti. Kwetu neno linafanya kazi yote. Unaweza kumwamkia mzee huku unafunga mzigo kwenye baiskeli. Pale mkono ulitakiwa ufike. Nikainama, mkono ukashuka, ukakwama magotini pangu. Malezi ya madrasa: kuinama ni kwa Mungu peke yake. Nikabaki hivyo, katikati ya rukuu na aibu, macho yangu kwenye soksi zake za sufu, moja imetoboka na kidole gumba kinachungulia. Nilisikia kuku. Nilisikia mwenzangu akikohoa nyuma yangu. Kisha kiganja kikatua kichwani pangu, kizito kuliko nilivyotarajia, kinanuka mafuta ya haradali, na bibi akasema maneno marefu, marefu, kama mtu asiye na haraka ya kurudi kwenye karanga zake.

"Amesemaje?"

"Uishi. Upate watoto. Na mengine."

Sikuuliza hayo mengine. Wali na maharage mekundu vilikuwa tayari, jioni tukawasha moto tukautupia karanga, na kesho yake niliwasambazia pairi pauna watu wa mtaa mzima, mpaka mwenzangu akaniambia huyo mwenye ndevu uliyemwinamia sasa hivi ni mdogo wetu, yuko kidato cha sita. Siku ya tatu tulikuwa chuoni.

Kwa hiyo Kidogri changu ni cha mdogo mtupu. Ya kumwambia mkubwa ninayo. Ya mkubwa kujibu ilipita juu ya kichwa changu, tena chini ya kiganja chenyewe, na bibi hayupo tena wa kuulizwa. Sasa ndevu zangu zina mvi, na mtoto wa watu ameunganisha viganja kwenye kioo, anasubiri.

"Marahaba," nikamjibu.

Akamgeukia baba yake, bila shaka kuuliza nimesema nini. Mwenzangu akanitazama. Akacheka kidogo, akajikuna shingo. Naye miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza shikamoo inajibiwaje.