Siku moja na chupa yangu ya mvua, Kongwa

Saa 10 na nusu alfajiri

Bati ndilo lililoniamsha. Mvua ya Januari huku Kongwa, Dodoma, haibishi hodi. Unasikia upepo, milango inagongana, halafu ghafla paa linapigwa kama mtu anamwaga kokoto juu yake. Baba watoto akageuka upande wa pili: "Leo chupa yako imejaa." Nikamwambia tutajua saa 3. Akacheka, akavuta shuka. Baada ya robo saa hivi ikakata, vikabaki vitone vya mwisho kwenye kingo za paa.

Chini ya bati kila mvua ni kubwa. Ndiyo maana nina chupa ya kupimia mvua, yenye mistari ya milimita inayoonyesha kimo cha maji yaliyoingia.

Saa 12 asubuhi

Nimefungulia kuku, nimepita karibu na chupa yangu na sijaitazama. Namaanisha nimeitazama, ila sijasoma.

Iko katikati ya uwanja, imefungwa kwa tyubu ya baiskeli kwenye kigingi. Mdomo wake nimeupandisha kidogo kupita kigingi, usawa wa goti, matone yasije yakaruka kutoka ardhini yakaingia. Ya kwanza, mwaka juzi, niliiweka kando ya ukuta ili mbuzi wasiifikie. Ikanipa milimita 40 siku ambayo hata vumbi la njiani halikulowa sawasawa. Kumbe ilikuwa inapokea maji ya paa! Sasa naiweka mbali na kila kitu, angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Nyumba yetu ina meta 4 hadi kileleni, kwa hiyo meta 8. Mti wa mwarobaini ni mrefu zaidi, nao nimeukimbia zaidi.

Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa ameshatoka na ndoo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Njoo uone." Akainamisha ndoo, akatumbukiza kidole cha shahada kimelala. Maji yakakifunika chote. "Kidole kizima! Leo namwaga mbegu."

Mbegu zenyewe ni alizeti, na hizi ni za pili. Za kwanza alizipanda mwezi wa kumi na mbili kwa mvua moja tu, zikachipua, zikakaa siku tisa bila tone, zikageuka majivu. Nikamwomba asubiri jioni, tuongozane shambani. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliishika ndoo kama mtu aliyebeba ushahidi mahakamani.

Saa 3 asubuhi

Hii ndiyo saa ya kusoma, kila siku, jua au mvua. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania navyo husoma mvua saa 3 asubuhi, nami nafuata saa hiyo hiyo ili namba yangu iwe ya saa 24 kamili. Ukisoma leo saa 1 na kesho saa 5, umepima uvivu wako.

Nyumba yangu iko ndani ya eneo la shule, kwa hiyo darasa la tano lote lilikuja. Nikachuchumaa hadi jicho likawa sawa na maji. Maji hupanda kidogo pembeni, kwenye plastiki, na katikati yanabonyea. Nawaambia watoto: soma bondeni, usisome kilimani.

Bonde lilikuwa kwenye 9.

Watoto wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao maji yalipita mlangoni. Nami namwamini. Ardhi yetu hii nyekundu ikishakauka inakuwa ngumu kama sakafu, milimita chache tu zinateleza juu na kukimbilia mlango wa mtu. Nikaandika 9 kwenye daftari, nikamwaga maji, nikarudisha kichwa chake, kile kinachopokea mvua.

Saa 4 na nusu

Leo ni somo la kutengeneza chupa. Jumatatu kila kundi lilikuja na chupa yake ya maji ya lita moja na nusu. Nilisisitiza laini, isiyo na makunyanzi ubavuni, na makundi mawili yakaleta zenye makunyanzi kama nilivyotarajia. Chupa ya namna hiyo ni nyembamba hapa, pana pale, na mistari ya kipimo haitakuwa na nafasi sawa.

Tunakata pale mabega yanapoishia na ubavu kunyooka. Kile kichwa tunakigeuza, shingo chini, bila kizibo, tunakikalisha mdomoni mwa chupa kama faneli ya kujazia mafuta ya taa. Kinapokea mvua, kinazuia majani na, kwa jua letu, kinapunguza maji kukauka. Nikisafiri siku mbili naongeza matone ya mafuta ya alizeti ndani. Yanaelea juu, yanafunika maji.

Shida kubwa ni chini. Kitako cha chupa kina mabonde na vilima, na maji ya kwanza yanapotelea humo. Vitabu vinasema jaza changarawe na maji hadi mstari wa sifuri. Nilijaribu, ila kila asubuhi lazima uirudishe sifuri, na mtoto wangu akimwaga vibaya hesabu imeharibika. Sasa natia saruji kidogo, iliyobaki kwa fundi, naigongagonga isawazike, naiacha siku mbili. Sehemu ya juu ya saruji ndiyo sifuri, na chupa inapata uzito wa kushindana na upepo. Hizi za watoto tulizitia saruji Jumatatu hiyo hiyo, leo zimekauka.

Halafu mistari. Tulipima mdomo kwa rula: sentimita 8. Nusu yake 4. 4 mara 4 mara 3.14 ni sentimita za mraba 50 na chembe. Kwa hiyo milimita 1 ya mvua ni mililita 5, yaani kikombe kile kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi, kwenye alama ya 5! Kila mtoto ana kikombe hicho kwao. Wakamimina vikombe kumi, wakachora mstari wa 10, wakaweka rula kuhakiki. Rula ikakubali. Kelele iliyotoka pale ilimleta mwalimu mkuu mlangoni.

Mistari tuliichora kwa kalamu ya wino usiofutika. Mwaka juzi nilibandika karatasi ya rula kwa selotepu. Ilidumu mvua mbili.

Saa 6 mchana

Msichana wa dawati la nyuma, ambaye huwa haongei, akanyoosha mkono. "Madamu, mimi nikileta chupa nyembamba, maji si yatapanda zaidi?"

Nikampa chaki niliyokuwa nayo kama zawadi. Chupa nyembamba ina mdomo mwembamba, inapokea maji machache. Pana inapokea mengi, nayo ina nafasi kubwa. Kimo ni kile kile, ilimradi mdomo na tumbo viwe na upana mmoja. Akakunja uso. "Na ndoo?"

Nilikuwa nimesubiri mtu aiseme hiyo ndoo tangu alfajiri. Ndoo ni pana juu, nyembamba chini. Ya kwetu jikoni ina sentimita 30 mdomoni na 22 kitakoni. Mvua ya milimita 9 ikiingia kwa mdomo ule na kukusanyika kwenye kitako kile, inasimama kama milimita 16. Nikawaambia waweke kidole chao karibu na rula. Cha kwangu, kikilala, ni 16.

Sikumtaja mzee. Lakini nusu ya darasa ni wajukuu zake wa karibu au wa mbali, habari itafika kabla yangu.

Saa 8 mchana

Kikao cha walimu. Tuyaache.

Saa 10 na nusu jioni

Nilimkuta shambani, mbegu bado ziko kwenye mfuko. "Nasikia ndoo yangu ni mwongo," akasema, na hakuwa amekasirika.

Nikamwambia milimita 9 kwa eka moja ni zaidi ya lita 36,000, simtanki saba za lita 5,000. Akatazama eka yake, akauliza, sasa ziko wapi? Akapiga jembe mara moja, akageuza bonge. Juu udongo mweusi wa unyevu, kama vidole vitatu. Chini yake kumekauka, rangi ya matofali. Akalivunja lile bonge kiganjani, akaacha vumbi lichukuliwe na upepo.

Wazee wa hapa jembe lao lilikuwa kipimo tangu zamani, na ni kipimo kizuri. Nami kanuni yangu ni kwamba sipandi hadi nijumlishe milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, na bado nachimba kuhakikisha. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa hapa Kongwa na matrekta kufyeka pori walime karanga. Kufikia 1951 mpango umeachwa, na mvua ni moja ya vitu vilivyowaangusha. Mzee anazo hadithi zake za matrekta hayo alizosimuliwa na baba yake. Alinipa mbili tukiwa njiani kurudi, na mfuko wa mbegu begani.

Nikamwachia chupa moja iliyozidi darasani.

Saa 3 na nusu usiku

Ngurumo upande wa mashariki. Bati limeanza. Simu imetoa mlio, ujumbe wa mzee: "Mwalimu zimefika ngapi?"

Nimemjibu alale, chupa inasomwa saa 3.