The Kinks kwa msikilizaji mgeni: anzia katikati

Anayetaka kuwajua The Kinks, bendi ya roki ya Uingereza, huambiwa aanze na albamu ya kwanza ya 1964, au achukue tu mkusanyiko wa vibao vyao. Njia zote mbili zinamchelewesha. Albamu tatu za mwanzo zilirekodiwa kwa haraka, na Ray Davies, mwimbaji na mtunzi wao mkuu, alikuwa bado anajifunza kutunga. Mkusanyiko nao unarusha wimbo wa 1964 kando ya wa 1967, na msikilizaji hajui bendi ile ilipitaje kutoka huku kwenda kule. Uzito wao uko kati ya 1966 na 1970, na katika miaka hiyo albamu ndiyo kipimo, si wimbo mmoja mmoja.

Anza na Something Else by the Kinks, ya 1967. Haifiki dakika 40, na inafungwa na "Waterloo Sunset", uliofika namba mbili Uingereza mwaka huo. Usiurukie. Sikiliza kwanza jinsi Ray anavyowatazama watu. Katika "Two Sisters", mke wa nyumbani mwenye watoto anamwonea wivu dada yake aliye huru, halafu anawatazama wanawe na wivu unapoa. Dakika mbili tu, na hadithi imekamilika. Mdogo wake Ray, Dave, ndiye anayeimba "Death of a Clown"; sauti yake ina mikwaruzo, na ukishaizoea utaitambua popote.

Kisha nenda kwenye The Kinks Are the Village Green Preservation Society, na hapa uwe makini, kwa sababu albamu hii ina sura mbili. Ray alikuwa ameshatayarisha toleo la nyimbo 12, akalizuia Uingereza ili aongeze nyingine, lakini katika nchi chache, Sweden ikiwa mojawapo, likatoka hivyo hivyo. Toleo kamili lina nyimbo 15 na lilitoka tarehe 22 Novemba 1968, siku ileile The Beatles walipotoa albamu yao ya santuri mbili yenye jalada jeupe. Halikuingia kwenye chati za Uingereza wala za Marekani. Chukua la nyimbo 15. Kwenye programu za muziki mara nyingi limebandikwa nyimbo za ziada mwishoni. Simama ukifika "People Take Pictures of Each Other". Wimbo huo unajibizana na "Picture Book" wa mwanzoni, yote miwili ikihusu picha za familia, na ukiachia zile za ziada ziendelee, mwisho ambao Ray aliupanga unapotea.

Wengi hukata tamaa kwenye albamu hii kwa sababu wanangojea gitaa lingurume. Halingurumi sana. Tangu 1965 hadi 1969 bendi ilizuiwa kufanya ziara Marekani kutokana na mgogoro na chama cha wanamuziki cha huko, na naona kufungiwa huko kulichangia kumgeuza Ray aitazame nchi yake mwenyewe wakati wenzake wakiiga Wamarekani. Kwa hiyo fuata maneno, hata kwa kuyasoma pembeni. "Do You Remember Walter?" ni mtu anayemuuliza rafiki wa utotoni kama bado anamkumbuka, huku akijua kwamba wakikutana leo huenda wasiwe na la kuzungumza.

Ya tatu ni Arthur, ya 1969, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii ndiyo ningeisisitiza kuliko zote. Ilitungwa kwa ajili ya mchezo wa televisheni wa kampuni ya Granada ambao haukuwahi kupigwa picha. Jina lake kamili linataja kuporomoka kwa dola ya Uingereza, na wimbo wa kwanza ni "Victoria", malkia yuleyule ambaye jina lake bado liko kwenye ziwa letu kubwa. Sisi tumezoea kuitazama dola ile kutoka upande wa waliotawaliwa. Ray anaionyesha kwa macho ya Mwingereza wa kawaida, aliyeambiwa kwamba dola ni yake na mwishowe akaambulia nyumba ndogo yenye mkopo. "Yes Sir, No Sir" ni amri za jeshini. Wimbo unaofuata, "Some Mother's Son", ni kijana aliyekufa vitani. Ukiweka simu ichanganye nyimbo, mfuatano huo unavunjika. Upande wa kwanza wa santuri unaishia na "Australia", ambao mwishoni bendi inapiga ala tupu kwa muda mrefu. Pumzika hapo, kisha uendelee na "Shangri-La".

Hadithi ya Arthur ilichipuka kwa Rose, dada yao Ray na Dave, aliyehamia Australia na mumewe. Ndiyo maana nashauri urudi nyuma kwenye Face to Face ya 1966 baada ya Arthur: humo mna "Rosy Won't You Please Come Home", na utauelewa mara moja. Mna pia "Sunny Afternoon", iliyoshika namba moja Uingereza Julai 1966.

Sasa utagundua baadhi ya vibao umevikosa. Desturi ya Uingereza wakati huo ilikuwa kutoziweka singo nyingi, yaani nyimbo zilizouzwa peke yake, kwenye albamu, ili mnunuzi asilipie wimbo uleule mara mbili. Zitafute "See My Friends", "Dead End Street", "Autumn Almanac" na "Days". Kwa albamu za 1964 na 1965, hakikisha unasikiliza toleo la Uingereza, la kampuni ya Pye. Kampuni ya Reprise ya Marekani ilizikata baadhi yake na kuzipanga upya. Albamu ya kwanza ina nyimbo 14 Uingereza, 11 Marekani.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua mono, yaani sauti zote zikiwa zimechanganywa kwenye mkondo mmoja, kwa kila kitu hadi 1967. Stirio ya miaka ile huweza kuitupa sauti upande mmoja na ala upande mwingine, na kwenye visikizi inachosha. Simu nyingi zina kitufe cha mono kwenye mipangilio ya ufikivu. Kinasaidia masikio, lakini hakikupi mono ya asili, maana hiyo ilichanganywa studio kwa mizani yake yenyewe.

Baada ya hapo ndipo "You Really Got Me" ya 1964 itakuwa na maana. Mkwaruzo wa gitaa lile ulitoka kwenye amplifaya ndogo ya Elpico ambayo Dave aliichana karatasi ya spika kwa wembe, kisha akaiunganisha na amplifaya nyingine, Vox AC30, iikuze. Halafu songa mbele hadi Lola Versus Powerman ya 1970, albamu inayoanika biashara ya muziki na wanaokula jasho la wasanii. Kibao chake, "Lola", kila mtu anakijua. Wewe tulia kwenye "Strangers", utunzi wa Dave, ambao naona ni wimbo wake bora kuliko yote aliyowahi kuandika.