Siku yangu moja na madafu 30

Saa 10 alfajiri, kabla hata ya mswaki, nakohoa. Nasimama pembeni ya kitanda, naweka vidole viwili kwenye kinena cha kulia, nakohoa mara mbili. Kisipogonga kitu kwenye vidole, siku imeanza vizuri. Leo hakijagonga.

Nauza madafu kwa baiskeli hapa Dar es Salaam, mwaka wa nane sasa. Wiki 9 zilizopita nilipasuliwa ngiri. Watu wakimwona muuza madafu wanaona panga na kijana mchangamfu. Mzigo wenyewe hawauoni, kwa sababu wakati wanakutana naye mchana nusu imeshauzwa. Siku moja niliweka madafu matatu kwenye mzani wa jamaa wa vyuma chakavu, yakafika kilo 5 na kidogo. Mimi nilikuwa napakia 70. Piga hesabu mwenyewe, halafu ongeza na baiskeli.

Kivimbe kilianza kidogo tu, kinatokeza nikisukuma mlimani, nikilala kinarudi. Mwaka mzima nilikibana na mkanda, mke wangu namwambia jipu. Kijiweni wakasema mshipa, nikaletewa mizizi, nikanywa. Daktari ndiye aliyenichorea kwenye karatasi: ukuta wa tumbo umeachia, utumbo unachungulia, na tundu halizibwi kwa kunywa kitu. Wakaurudisha ndani, wakatandika wavu, wakashona. Kesho yake nikarudi nyumbani na amri ya wiki 6 bila kunyanyua kitu kizito. Ndani ya wiki hizo 6 mtaji wangu uliliwa wote, na hela ya kikoba ya mke wangu ikafuata.

Saa 11 niko Mbagala Rangi Tatu, Fuso la Mkuranga linashusha. Dafu moja 600. Nachukua 30. Nagonga kwa kucha, natikisa sikioni. Likilia maji ndani hilo linaelekea koroma, linaanza kuwa nazi, narudisha. Vijana wa kushusha wananiita Mgonjwa. Mmoja ananipangia mzigo kwenye tenga bila kuombwa, anafunga na mpira wa tyubu, kisha anadai dafu lake. Haki yake.

Sasa kupanda. Baiskeli yangu ni ya kiume, lile bomba la juu limekaa usawa wa kiuno, na nyuma kuna tenga, kwa hiyo mguu hauwezi kuzungukia nyuma. Zamani nilikuwa nasukuma hatua tatu, narusha mguu mbele ya kiti, nimekaa. Wiki ya 7 nilijaribu hivyo, tena baiskeli tupu. Nilirudi nyumbani nimeiburuta huku natokwa machozi. Siku hizi natafuta ukingo wa barabara, nasimama juu yake, nailaza baiskeli kidogo kuniegemea, halafu napitisha mguu taratibu kama bibi harusi anayepanda gari na gauni lake. Makonda wanacheka. Wacheke.

Kushuka hadi daraja la Kizinga mzigo unanipeleka wenyewe, kazi yangu ni breki. Kupanda kwenda Mtoni nashuka, nasukuma. Hapo ndipo nimejifunza kitu ambacho miaka minane sikukijua: usibane pumzi. Ukibana, nguvu yote inashukia tumboni. Natoa pumzi kila ninapokaza mkono, hatua na pumzi, hatua na pumzi, nasikika kama pampu mbovu. Kijana mwenye madafu kama 60 alinipita hapo akaniuliza, "Mzee, vipi, umechoka?" Nina miaka 34.

Saa 2 nimeegesha Gerezani. Hadi saa 5 nimekata madafu 14, shilingi 1,000 moja, la maji au la nyama, kijiko cha ganda, asante, mwingine.

Saa 6 kasoro likasimama gari, kioo kikashuka nusu.

"Kijana, una la nyama laini?"

Nikakata. Akaonja, akasema maji machache. Nikakata la pili. Akasema hili nyama ngumu. Nikamwambia bosi, lenye maji mengi na nyama laini kwa pamoja ni bahati, dafu halina dirisha. Akacheka, nikadhani tumeelewana. Akasema anataka 10 ofisini kwake, jengo lile pale, ghorofa ya 4, wana wageni. Moyo ukaruka: madafu 10 kwa mpigo! Nikasukuma baiskeli hadi getini. Lifti haifanyi kazi.

Nikamwomba atume vijana washuke kuchukua. Akaniangalia juu hadi chini. "Wewe kijana mzima unashindwa madafu 10?" Pale getini kuna mlinzi, kuna dada wa mapokezi, kuna watu wawili wanasubiri. Nikasema, kwa sauti ndogo, nimefanyiwa upasuaji. Wa nini? Ngiri. Akaangua kicheko: "Busha!"

Naomba niliseme hapa kwa utulivu ambao pale sikuwa nao. Busha ni maji yanayojaa kwenye korodani, na huku Pwani mara nyingi linaletwa na minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya ukuta ulioachia. Vyote vinatibika hospitali, na hakuna hata kimoja cha kuchekea getini.

Nikayabeba. Mawili mkono huu, mawili ule, ngazi kwa ngazi, pumzi nje. Safari ya kwanza, ghorofa ya 3 nikasimama, ngozi chini ya kovu ina ganzi hadi leo lakini ndani kulikuwa kunavuta kama uzi. Nikateremka kuchukua mengine. Nikamkuta mlinzi, mzee wa makamo, ameshafunga sita yaliyobaki kwenye shuka lake. "Kaa hapo," akasema. Akapanda nayo mwenyewe.

Malipo nayo, hadithi nyingine. Bosi hakuwa na taslimu, atatuma kwa simu. Simu ikasema imetuma, yangu ikasema hakuna. Mtandao. Nikakaa kwenye ngazi dakika 50, wageni wanashuka wameshiba maji yangu, dada wa mapokezi ananihurumia kwa macho. Hela ilipoingia ilikuwa 10,000. Yale mawili ya kuonja hayakuhesabiwa. Nikayasamehe kwa hasira.

Mzee mlinzi alinisindikiza hadi kwenye baiskeli, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mwanangu, ulipasuliwa wapi?"

Nikamwelekeza.

"Nina yangu. Mwaka wa tatu huu. Mke wangu hajui."

Nikamuuliza kama akilala inarudi. Inarudi. Nikamwambia kama nilivyoambiwa mimi: siku ikigoma kurudi, ikawa ngumu, inauma, unatapika, usingoje asubuhi, nenda usiku huohuo, utumbo umenaswa. Halafu nikafikiria, mzee huyu ndiye amenibebea madafu sita hadi ghorofa ya 4. Nikakosa la kusema. Nikamkatia dafu, akanywa amesimama, akachukua namba yangu.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Mawili yaliyobaki niliyatembeza Kariakoo kwa miguu, mgambo wakapita, nikajibanza uchochoroni na wauza soksi. Moja nikanywa mwenyewe, jingine nikauza. Kurudi Mbagala tenga tupu, jua usoni, kutoka daraja la Kizinga kupanda Mbagala nikapiga pedali bila kushuka. Pole pole, lakini sikushuka. Muulize aliyewahi kulala chali wiki mbili hilo maana yake nini.

Nyumbani nikahesabu: 25,000 mkononi, mzigo 18,000, chai na wali 3,000. Elfu 4 ya siku nzima. Mke wangu akaangalia kovu kwa tochi ya simu, akasema pakavu. Kesho nataka nichukue 35. Yeye anasema 30.

Tulikuwa bado tunabishana ujumbe ulipoingia kutoka namba ngeni: "Ni mlinzi. Ukikohoa inauma?"

Nikamwandikia: "Wiki mbili za mwanzo tu. Bana mto tumboni ukikohoa. Na mwambie mama."