Siku Moja Nyuma ya Bakuli la Dadu

Nikitaja kazi yangu watu hucheka. Nauza dadu. Nazunguka kwenye maonyesho ya michezo ya mezani na masanduku manne na banda la mita tatu kwa tatu, na wengi wanaamini nalipwa ili nicheze. Haya ni maonyesho ya siku tatu, na sijacheza hata mchezo mmoja. Hii hapa Jumamosi, siku ya kati, ambayo ndiyo hubeba biashara yote.

Saa 12:30 asubuhi

Ukumbi bado nusu giza. Kuvuta masanduku, kufunua turubai, kuhesabu chenji, kuchaji mashine ya kadi, kupanga seti za dadu saba saba kwa rangi. Kazi hizi mtu anaweza kuzifanya usingizini, na kwa kweli ndivyo ninavyozifanya.

Leo kuna la ziada. Jana tulikingamisha meza mbele kama kaunta ya posta, na nyuma yake tukasimamisha bango refu lenye picha ya joka. Hilo bango ndilo lililotugharimu kuliko kitu kingine chochote bandani. Watu walilitazama, wakalipiga picha, wakapita. Basi mimi na mwenzangu tumeigeuza meza ikae ubavuni, mgeni aweze kuingia hatua mbili ndani, na kwenye kona ya ujia tumeweka bakuli kubwa la mbao lenye dadu za kuuzwa moja moja. Limekaa kwenye kimo cha mkono, wala si cha macho. Mwenzangu hakuamini kama lingeleta tofauti yoyote.

Saa 4:00

Milango inafunguliwa na watu wanakuja mbio. Hawaji kwetu. Wanakimbilia mabanda ya wachapishaji wakubwa, kwenye matoleo mapya yenye nakala chache, na kumwita mtu wa namna hiyo ni kupoteza sauti utakayoihitaji jioni. Tunawaacha wapite. Baada ya saa moja wale wale hurudi taratibu, mifuko imejaa na roho imetulia. Hapo ndipo tunapoanza kuuza.

Saa 5:00

Bakuli limeanza kazi. Mtoto wa kwanza aliniuliza, "Anko, naweza kushika?" Nikamwambia atumbukize mkono wote. Akazoa konzi, akaziachia. Ule mlio, kama mvua ya ghafla juu ya bati, uligeuza vichwa vitano au sita kwenye ujia. Mwenzangu akaniangalia. Sikusema kitu, ila nilijisikia vizuri.

Wageni siwaulizi "nikusaidie nini?" kwa sababu jibu ni lile lile dunia nzima: "naangalia tu." Nikitaka kumsimamisha mtu namwambia kwamba dadu ya pande 20 si uvumbuzi wa juzi. Makumbusho ya Metropolitan kule New York yanayo moja iliyotoka Misri ya kale, ina herufi za Kigiriki kila upande. Asiyesimama kwa hilo, namwekea dadu ya chuma kiganjani. Haisemi chochote, ila ni nzito kuliko alivyotarajia, na uso wake hubadilika. Bei zote zimeandikwa kwa herufi kubwa. Mgeni anayelazimika kuuliza bei huona aibu kuondoka baada ya kuijua, hivyo wengi huamua kutouliza kabisa.

Saa 6:15 mchana

Akaja yule kaka.

Alisimama katikati kabisa ya ule mlango wetu mpya, begi mgongoni, akaokota dadu ya pande 20 na kuigeuzageuza mbele ya taa.

"Kaka, hizi mmezipima?"

"Zinakaguliwa kiwandani."

"Sijauliza kiwandani. Nimeuliza nyinyi."

Akaanza kujumlisha pande zinazotazamana, kwa sauti. Kwenye dadu ya kawaida ya pande 20 jumla ni 21 kila mahali: 20 na 1, 17 na 4, 11 na 10. Alizijumlisha jozi zote kumi. Kisha akapata ile ambayo namba zake zimefuatana, 20 imepakana na 19, 19 na 18, akapaza sauti kwamba tunauza dadu za wizi. Nikamweleza kwamba hiyo ni ya kuhesabia uhai kwenye michezo ya kadi, imepangwa hivyo ili ukipungukiwa na moja ugeuze upande wa jirani tu. Haikutengenezwa kwa ajili ya kurushwa, kwa sababu namba kubwa zimekaa upande mmoja na mwenye mkono mjanja anaweza kuiangusha anavyotaka. "Kumbe unajua," akasema, kana kwamba amenikamata.

Kisha akaniomba glasi ya maji.

Chumvi alikuja nayo mwenyewe, kwenye mfuko wa nailoni, imefungwa fundo. Akaimimina, akakoroga kwa kalamu yangu mpaka maji yakagoma kuyeyusha zaidi. Jaribio hili wachezaji wengi wanalijua: maji yakikolea chumvi, dadu nyingi za plastiki huelea. Unaigusa kwa kidole izunguke, na ikija juu na namba ile ile kila mara, ujue kuna upande mwepesi, pengine kipovu cha hewa kilichonaswa resini, yaani plastiki ya majimaji, ilipomiminwa. Halikwambii kasoro hiyo itakupunja kiasi gani mezani, lakini jaribu kumweleza hivyo mtu mwenye chumvi mfukoni.

Alianza na ya chuma. Nilimwambia itazama. Ikazama. Akaniangalia kama vile ni mimi niliyeisukuma.

Dakika 10. Dakika 20. Anaigusa, inageuka, anaandika kwenye daftari. Nyuma yake watu wanashindwa kuingia. Mwenzangu ananikonyeza nimwondoe, na mimi nimeshatafuta maneno: kaka, samahani, kuna foleni. Nikainua kichwa kumwambia, nikaona foleni yenyewe haitaki kuingia. Imesimama kumtazama yeye. Watu 15, labda 20, wengine wamenyanyua simu, na walio nyuma wanawauliza walio mbele kuna nini.

Mbili zilifaulu. Ya tatu, ya resini yenye vumbi la dhahabu, ilikuja na 4. Ikaja na 4 tena. Mara ya tano ilipotoka 4 umati ukapiga kelele kama goli limeingia. Yeye akageuka, akatangaza: "Mnaona?"

Nilitamani ardhi inimeze. Dada mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono: "Hiyo mbovu naitaka mimi. Mimi ndiye mwongoza mchezo kwenye kundi letu, nitaitumia kuwarushia mazimwi, wapate namba ndogo, wachezaji wangu wapumue kidogo." Nilitaka kumpa bure, akakataa, akalipa. Baada yake kila mtu akataka dadu yake ipite kwenye ile glasi. Wakachagua kwenye bakuli, wakapanga mstari, na yule kaka akawapimia mmoja mmoja bila malipo, makini kama daktari. Tuliuza zaidi kwa saa moja kuliko tulivyouza Ijumaa nzima.

Yeye mwenyewe hakununua kitu. Alifunga daftari, akaniambia "nitafikiria," akaondoka na kalamu yangu.

Mchana, saa sijui ngapi

Kuanzia hapo muda ulipoteza mpangilio. Miguu iliuma, ikaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Mashine ya kadi ilikata mtandao wakati mteja ameshaingiza namba ya siri, na kwa dakika kumi tulisimama tukitazamana yeye na mimi tukitabasamu kijinga. Jamaa mmoja alinisimulia historia nzima ya mhusika wake wa mchezoni tangu kuzaliwa, pamoja na shangazi zake. Niliitikia. Kumsikiliza ni sehemu ya kazi, na mwishoni alichukua seti mbili. Mwingine alinieleza jinsi mwanzoni mwa miaka ya 1980 alivyonunua dadu zilizokuja na krayoni, mwenyewe ukazipaka namba ndipo zisomeke. Huyo ningemsikiliza hadi usiku kama si watoto waliokuwa wanamwaga bakuli.

Wakati fulani niliketi kwenye sanduku na kutoa simu. Hazikupita dakika tano ujia ukawa mtupu mbele yetu, watu wanatuzunguka kama tuna ugonjwa. Nikasimama, nikaanza kurusha dadu mwenyewe, na wawili wakasimama kuuliza imetoka ngapi.

Jioni

Taa za juu zimezimwa. Mwenzangu amekwenda kutafuta toroli na mimi nahesabu, sauti imebaki nusu. Chini ya meza nikaikuta ile glasi, maji yameacha duara jeupe la chumvi ukingoni, na dadu moja ya buluu iliyosahauliwa bado inaelea.

Nikaigusa kwa kidole. Ikazunguka, ikaja na 11.

Nikaigusa tena. 11.

Mara ya tatu sikuigusa. Nikamwaga maji, nikaifuta kwa pindo la shati, nikaitia mfukoni.