Admirali Aliyechora Bahari Mjini Menton

"Huyo hayupo tena. Wenzake walikuja kumchukua."

Ndivyo alivyonijibu mlinzi wa makaburi ya Trabuquet, hapa Menton, kusini mwa Ufaransa, nilipomuuliza habari za kanisa dogo la Kirusi lililo kule juu. Nilikuwa nimemleta bibi ninayemhudumia kulizuru kaburi la marehemu mumewe. Akifika pale hupenda aachwe peke yake kidogo, nami hupitapita nikisoma majina kwenye mawe. Ukisimama pale bahari iko mbele yako, Italia mkono wa kushoto, na mapaa ya mji yako chini, rangi ya udongo wa kuchomwa. Wengi waliolala pale walikuja miaka ya 1800 kutoka nchi za baridi, wagonjwa wa kifua, wakiamini jua la huku litawaponya. Wengi hawakupona.

Aliyechukuliwa, mlinzi aliniambia, alikuwa admirali na waziri. Jina lake Ivan Konstantinovich Grigorovich. Nililiandika kwenye simu nisilisahau, na usiku ule baada ya zamu nikaanza kusoma habari zake. Miezi imepita na mtu huyu hajanitoka kichwani. Nawaandikia ndugu zangu mlioko ughaibuni, hasa ninyi mliokuwa na ofisi na watu wa kuwaamuru huko nyumbani kabla ya kuja kubeba boksi.

Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu bandarini Tanga. Nasema hivyo ili mjue kwa nini habari zake zilinishika: nazijua meli, najua harufu ya gati asubuhi, na najua inavyokuwa mtu kuitwa "bosi" na vijana wa winchi, kisha siku moja kuamka katika nchi ambayo hakuna anayejua hata kulitamka jina lako.

Grigorovich alizaliwa Saint Petersburg mwaka 1853, akahitimu mafunzo ya wanamaji mwaka 1874. Nayaruka mengi ya ujana wake. Alipanda ngazi kwa ngazi, akakaa London akiwa mwambata wa jeshi la majini la nchi yake, kisha akaletwa Ufaransa. Hapo ndipo nilipokaa wima kitini. Wafaransa walikuwa wakiijengea Urusi manowari iitwayo Tsesarevich, na nahodha wake aliyepewa kusimamia ujenzi alikuwa yeye. Kiwanda kilikuwa La Seyne, kando ya Toulon, kwenye pwani hii hii ninayoishi, chini ya kilomita 200 kutoka makaburi yale.

Kazi ya kusimamia meli inayojengwa si ya kuvaa nguo nyeupe na kupiga saluti. Ni kubishana na mafundi juu ya unene wa chuma, kusubiri vipuri visivyofika, kukagua kitu kilekile mara tatu. Meli ilianza kujengwa 1899, ikashushwa majini Februari 1901, ikakamilika 1903. Kwa miaka hiyo alikuwa mgeni mwenye heshima zote: nyuma yake dola kubwa, mbele yake bahari, na mkononi fedha za Tsar, mfalme wa Urusi, za kulipia manowari nzima. Alipoondoka aliondoka na meli yake, akapita Suez akielekea Mashariki ya Mbali, hadi Port Arthur, bandari ya Warusi huko China.

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 1904 Wajapani walizishambulia meli za Kirusi zikiwa zimetia nanga nje ya bandari hiyo, kabla vita havijatangazwa. Tatu zilipigwa na topedo, na Tsesarevich ilikuwa mojawapo. Ilipasuliwa upande wa tezi, ikaanza kulalia ubavu. Waliiokoa kwa kuingiza maji kwa makusudi upande wa pili ili isimame sawa, wakaikokota mpaka ikakwama kwenye mlango wa bandari, lakini haikuzama. Port Arthur haikuwa na chelezo cha kuitosha manowari kubwa namna ile. Mafundi waliotumwa kutoka Saint Petersburg wakaunda sanduku kubwa la mbao, wakalibana ubavuni chini ya maji, wakafanya kazi ndani yake, huku mji ukipigwa mizinga. Ilichukua miezi.

Yeye wakati huo alishatolewa melini akapewa bandari nzima aiendeshe: makaa ya mawe, karakana, vibarua, kila kitu. Hapa nakiri naandika kwa mapenzi. Vitabu vya vita huwasifu wanaofyatua mizinga. Mkuu wa bandari iliyozingirwa, anayehesabu magunia ya makaa na kujua ni siku ngapi zimebaki, hutajwa kwa mstari mmoja. Port Arthur ilijisalimisha tarehe 2 Januari 1905. Kikosi kilichotumwa kuiokoa kilikuwa kimefika Madagaska tu, katika bahari yetu. Meli za Kirusi zilitia nanga Nosy Be mpaka Machi, mabaharia wakipakia makaa katika joto walilokuwa hawajawahi kuliona, na huko huko ndiko walikopata habari kwamba mji waliokuwa wakiuendea umeshaanguka. Wakaendelea na safari hata hivyo. Mwezi Mei wengi wao wakaishia chini ya maji katika vita vya Tsushima, karibu na Japani.

Baada ya hapo jeshi la majini la Urusi lilikuwa jina tu, na wananchi walilidharau. Mwaka 1908 bunge lao, Duma, lilikataa kutoa fedha za manowari mpya. Mawaziri watatu wa jeshi la majini walipita ndani ya miaka sita. Machi 1911 Tsar akamteua Grigorovich, ambaye alikuwa naibu tangu 1909. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Siri yake ilikuwa ndogo: alikwenda mwenyewe bungeni kujieleza. Mawaziri wengi wa Tsar waliwaona wabunge kama wasumbufu. Yeye alisimama mbele yao, akajibu maswali, akaonyesha fedha zitakwenda wapi, na watu waliokuwa wamezuia kila senti wakaanza kumwamini. Mwaka 1912 Duma ikapitisha mpango mkubwa wa kujenga meli, ndani yake zikiwemo manowari nne za aina ya Izmail, meli 36 za kuwinda mashua za topedo na nyambizi 18. Viwanda vya Baltiki na vya Bahari Nyeusi vikajaa moto na nyundo. Nikisoma hayo nawakumbuka wakubwa wangu wa zamani. Aliyekuja mwenyewe gatini kutueleza kwa nini malipo ya ziada yamechelewa, huyo tulimfanyia kazi mpaka usiku wa manane. Aliyetuma barua hakupata kitu.

Si kila kitu kilimwendea vizuri. Zile Izmail nne hazikukamilika kamwe. Oktoba 1916 manowari mpya Imperatritsa Mariya ililipuka ikiwa bandarini Sevastopol, wakafa watu zaidi ya 200, na chanzo kinabishaniwa hadi leo. Miezi michache baadaye kila kitu kikapinduka.

Machi 1917, mapinduzi yalipowaka Saint Petersburg, iliyokuwa ikiitwa Petrograd wakati huo, askari wa mwisho waliokuwa bado upande wa Tsar walijifungia katika jengo la Admiralty, makao ya wizara yake. Grigorovich aliwataka watoke, jengo lisije likapigwa mizinga likateketea. Wakatoka. Wapo watakaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu. Tsar hakuwa na wa kumwokoa tena siku ile, na jengo bado limesimama mpaka leo na mshale wake wa dhahabu.

Muda mfupi baadaye akaondolewa uwaziri. Wenzake wengi waliuawa au walikimbia. Yeye alibaki. Chini ya utawala mpya, mzee wa zaidi ya miaka 65 aliyekuwa akiamuru makundi mawili ya meli za kivita, akaenda kufanya kazi katika tume ya historia ya jeshi la majini na katika kumbukumbu za makaratasi. Tafakarini hilo. Makaratasi yaliyokuwa yakiletwa kwake kutiwa sahihi, sasa anayapanga rafuni. Akaandika pia kumbukumbu zake, ambazo zilichapishwa kwao mwaka 1993, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake.

Mwaka 1924 aliruhusiwa kutoka nchini kwenda Ufaransa kutibiwa. Alikuwa na miaka 71. Akafika Menton, akakaa.

Pwani ileile. Jua lilelile, upepo uleule, na kwa mbali upande wa magharibi kiwanda kilichoijenga meli yake. Safari hii hakuwa na meli, wala mshahara, wala dola nyuma yake, maana dola aliyoitumikia haikuwepo tena. Ufaransa ilikuwa imeitambua serikali ya Kisovieti mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba Waingereza walitaka kumpa pensheni akaikataa. Alikula kwa kuchora. Alichora bahari, akaziuza picha zake.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Mzee anachukua rangi na kuchora kitu anachokijua kuliko wote pale mjini: wimbi linavyovunjika, mwanga unavyokaa juu ya maji asubuhi. Kisha anakiuza kwa watalii ambao pengine hawakujua wananunua kwa nani. Na picha haiuzwi gizani. Lazima uioneshe, usimame nayo, utaje bei, mtu akukatalie.

Mimi miaka sita nilijificha. Kazi yangu ni kuogesha wazee, kubadilisha mashuka, kulisha kwa kijiko, kukaa nao usiku wanapoogopa. Ni kazi ya heshima na naipenda, lakini kwa simu ya nyumbani nilikuwa "ofisini". Mama aliniuliza kila Jumapili, "Ofisini hawajambo?" nami nikajibu hawajambo. Mama amefariki akiamini hivyo. Najua siko peke yangu. Nina rafiki hapa pwani aliyekuwa mwalimu mkuu Kigoma, anaosha vyombo hotelini, na picha anazotuma kwao amezipiga kwenye ukumbi wa wageni.

Wenzake Grigorovich wengine walifika Afrika, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Mwishoni mwa 1920 meli zilizobaki za kundi la Bahari Nyeusi zilikimbilia Bizerte, Tunisia, zikiwa na maelfu ya wanamaji na familia zao. Kubwa kuliko zote ilikuwa manowari iliyojengwa wakati wa uwaziri wake, na huko Bizerte ndiko ilikoozea hadi ikauzwa kuwa chuma chakavu. Msichana mmoja aliyefika na meli hizo akiwa mdogo, Anastasia Shirinskaya, alibaki huko maisha yake yote akifundisha hesabu. Alikaa na hati ya wakimbizi, ile iitwayo pasi ya Nansen, mpaka mwaka 1997 alipopewa uraia wa Urusi. Kwa kiasi cha miaka sabini hakuomba uraia wa nchi nyingine. Anayejua foleni za makaratasi ataelewa uzito wa uamuzi huo.

Grigorovich alifariki Menton tarehe 3 Machi 1930. Alizikwa katika lile kanisa dogo la Kirusi, pale Trabuquet, akakaa miaka 75. Mwaka 2005 Warusi walikuja wakachukua mabaki yake, wakayarudisha Saint Petersburg, wakamzika katika kaburi la familia yake kwenye makaburi ya Nikolskoe. Mwaka 2016 meli mpya ya kivita yenye jina lake iliingia kazini.

Maneno ya mlinzi yaliniuma kwa sababu nayajua kwa namna nyingine. Kila baada ya miezi michache ujumbe unaingia kwenye kundi letu: mwenzetu ametutoka, tunachangia kusafirisha mwili, aliye na yuro 20 atoe, aliye na 50 atoe. Tunahesabu, tunapungukiwa, tunaongeza. Wakati mwingine tunashindwa na mtu anazikwa huku, na sisi tunasimama wachache kwenye ardhi ngeni bila hata mtu wa kuanzisha wimbo. Yeye alichukuliwa na serikali, tena baada ya miaka 75. Sisi tunachukuliwa na mchango wa wafagiaji na wapishi.

Jumapili iliyopita nilimpigia dada yangu Tanga. Nikamuuliza kama bado ipo nafasi pembeni ya mama. Akanyamaza, nikasikia kuku nyuma yake na redio ya jirani. Akasema ipo, chini ya mwembe, lakini kwa nini nauliza, naumwa? Nikamwambia siumwi. Kisha nikamweleza kazi ninayoifanya, tangu asubuhi ninapoingia mpaka ninapotoka, na jina la bibi ninayemhudumia, na kwamba nyumba yake haina ofisi yoyote. Dada akauliza bibi anapenda chakula gani.