Figo ndizo zinazoninyima usingizi

Kila nikimwambia mtu kwamba shahada yangu ya uzamivu inahusu dawa za mionzi za kupima na kutibu saratani, swali huwa ni moja: huogopi? Mionzi naiheshimu. Navaa pete ya kupimia chini ya glavu, uso wake umegeukia kiganjani kwa sababu huko ndiko dozi inakoingilia, na kazi kubwa naifanya kwa koleo, nyuma ya ukuta wa madini ya risasi. Ila hofu yangu haiko hapo. Kinachonikosesha usingizi ni figo.

Nianze na dawa yenyewe. Ina sehemu tatu. Kuna molekuli inayoitafuta seli ya saratani, mara nyingi peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino (vijenzi vya protini), inayonata kwenye protini iliyojaa juu ya seli hiyo. Kuna kishikio, kemikali iitwayo DOTA, chenye kazi ya kuifumbata atomi ya metali isichomoke. Halafu kuna hiyo atomi. Ukiweka galiamu-68 unapata picha: skana ya PET inakuonyesha kila mahali dawa ilipojikusanya. Ukiiacha galiamu ukaweka lutesiamu-177, unapata tiba, kwa sababu chembe zake za beta husafiri milimita mbili hivi kwa mbali kabisa, zikiharibu seli ilipo dawa na majirani zake wa karibu. Daktari anaona kwanza, kisha anatibu kile alichokiona. Hili ndilo lililonivuta kwenye fani hii na bado sijalizoea.

Wazo la msingi ni la zamani. Mwaka 1941 daktari Saul Hertz wa Boston alimpa iodini yenye mionzi mgonjwa ambaye tezi yake ya shingo ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Hakuhitaji molekuli ya kutafuta chochote, maana tezi hiyo huivuta iodini yenyewe. Saratani nyingi hazina tabia ya kutusaidia namna hiyo. Ndiyo maana wanakemia tupo.

Siku ya maabara huanza kwa kukamua jenereta, si ya umeme bali chombo kinachozalisha galiamu: unasukuma asidi nyepesi ya haidrokloriki, galiamu inatiririka hadi kwenye kichupa ndani ya ngao ya risasi. Kuanzia hapo saa ndiyo bosi. Nusu-maisha ya galiamu-68, yaani muda wa nusu ya atomi zake kuoza, ni dakika 68, kwa hiyo hakuna kusema nitaendelea baada ya chakula. Unaongeza bafa, kimiminika cha kudhibiti ukali wa asidi, na mikrogramu chache za peptidi, unapasha hadi nyuzi 95, unasubiri dakika kumi. Kijiko cha metali hakigusi chochote, tunatumia plastiki, kwa sababu chembe za chuma zisizoonekana kwa macho zinaweza kukalia DOTA kabla ya galiamu. Kisha tone moja kwenye kikaratasi cha kromatografia, ili ujue ni kiasi gani cha galiamu kimeshikwa na kiasi gani kinaelea huru. Kikaratasi kikikataa, siku hiyo panya hawaguswi.

Kikikubali, dawa inaingia kwenye mshipa wa mkia wa panya mwenye uvimbe, na baadaye viungo vinapimwa kimoja kimoja, kila kimoja ndani ya neli yake. Damu: kidogo. Ini: kidogo. Uvimbe: vizuri, tunafurahi. Halafu inaingia neli ya figo na namba inaruka juu ya zote.

Sababu inajulikana. Peptidi ni ndogo, figo huichuja kutoka kwenye damu, kisha seli za mirija yake huinyonya tena kwa kuwa kwao ni protini, na protini haitupwi. Ndani ya seli peptidi inavunjwavunjwa, lakini kipande chenye DOTA na metali hakina njia ya kutokea. Kinakwama mle kikimwaga mionzi. Kwa galiamu, inayoisha ndani ya saa chache, si neno. Lutesiamu nusu-maisha yake inakaribia siku 7. Wagonjwa wa uvimbe wa nyuroendokrini (unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni) wanaopewa peptidi yenye lutesiamu hutundikiwa dripu ya asidi amino, lisini na arginini, ili zishindanie mlango ule ule wa kuingilia kwenye seli za figo. Inasaidia, haimalizi.

Mtu anaweza kudhani haya ni madhara ya pembeni, na kwamba kazi yenyewe ni kuupiga uvimbe. Sikubaliani kabisa. Kinachoweka kikomo cha dozi ni viungo vyenye afya. Katika utafiti uitwao VISION, uliochapishwa 2021, wanaume 831 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa walishiriki. Waliopata lutesiamu pamoja na matibabu ya kawaida waliishi muda wa kati wa miezi 15.3, wenzao 11.3. Miezi minne kwa familia ni mingi sana, nami siidharau hata kidogo. Lakini si kupona. Wengine wanajaribu aktiniamu-225, ambayo chembe zake za alfa zina nguvu kubwa zaidi ndani ya umbali mfupi zaidi, na huko zinazoumia ni tezi za mate: mdomo unakauka kiasi kwamba wapo wagonjwa walioacha tiba huku ikiwafanyia kazi. Nikiwaza mtu anayeachia dawa inayomsaidia kwa sababu hawezi kumeza chakula, naona tasnifu yangu inahusu nini hasa.

Ninachofanya ni kuweka kiungo, yaani kipande cha kuunganisha, cha asidi amino chache kati ya peptidi na DOTA. Juu ya seli za mirija ya figo kuna vimeng'enya vinavyokata minyororo ya aina hiyo. Kiungo kikikatwa pale mlangoni, kabla ya kuingia ndani, kipande chenye metali kinatoka na mkojo. Wazo si langu, watafiti wa Japani walikuwa wakilifanyia kazi tangu miaka ya 1990. Ugumu ni kwamba damu nayo ina vimeng'enya. Kiungo kinachokatika kirahisi hukatika njiani, na uvimbe haupati kitu. Kisichokatika kinarudisha tatizo lile lile.

Kiungo kilichopo mezani sasa kina asidi amino moja ambayo umbo lake limegeuzwa kama taswira ya kioo, ili vimeng'enya vya damu visiitambue. Kimeng'enya cha figo nacho kinaweza kukataa kuitambua. Ndilo jibu ninalolitafuta kwanza, kwa galiamu, kabla sijaomba lutesiamu.